Barua ya wazi kwa Waziri wa mawasiliano na Wabunge: minara ipige mbiu ya hatari

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu anayeshughulikia maafa, na Wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Miundombinu.
Nakala: TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia).

Waheshimiwa,

Nina ombi moja, nalitaja mwanzoni ili mwenye haraka asipate tabu ya kulitafuta. Leteni bungeni marekebisho ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Yamlazimishe kila mwenye leseni ya mtandao wa simu kupitisha onyo la hatari kwenye minara yake, bure, ndani ya dakika chache tangu mamlaka husika ilipolitoa. Na marekebisho hayohayo yatenge fedha za kudumu kwa watafiti wa hapa nchini, ili onyo hilo lifanye kazi kwenye simu tulizo nazo na mahali tunapoishi. Yanayofuata ni maelezo tu ya kwa nini naomba hivyo.

Mimi ni fundi wa minara ya simu Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ni betri, genereta, nyaya, na ile taa nyekundu ya kileleni inayowasaidia marubani. Baadhi ya minara hiyo iko visiwani Ukerewe. Siku za giza, mwezi usipoonekana, jioni ukiwa juu unaiona mitumbwi ya dagaa ikitoka mwaloni, pale ufuoni inapoegeshwa, mmoja baada ya mwingine, taa za sola zimepangwa kwenye vielea, watu wanne au watano kila mtumbwi. Karibu kila mtumbwi una simu. Inatiwa kwenye mfuko wa nailoni, inafungwa fundo, kisha inawekwa ndani ya dumu lililokatwa shingo ili isilowe. Simu hiyo imeshika mnara ninaouhudumia, na wenzangu wa ofisini wanaona kwenye kompyuta zao ni simu ngapi zimeshika muda huo. Upepo ukigeuka saa 6 usiku, mnara huo hauna la kuwaambia watu wale.

Na upepo wa ziwa letu hugeuka usiku. Jua likizama nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ikaanza kusukumwa kutoka pande zote kuelekea ziwani, ikakutana huko na kupanda. Ndiyo maana radi na dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile za dagaa. TMA wanalijua hili kuliko mimi. Rada yao iko hapahapa Mwanza, na Sheria yao ya 2019 imewapa jukumu la kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa. Wanazitoa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea walianza kututahadharisha mapema, boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na kilipoingia Mafia tarehe 4 watu wa pwani walikuwa wanazungumza habari hiyo hiyo tu. Pongezi zao. Ila kimbunga husafiri baharini siku kadhaa kabla ya kubisha hodi, na dhoruba ya ziwani inaweza kujijenga ndani ya saa moja au mbili. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku haimsaidii mtu aliyeondoka saa 12 jioni.

Hanang inauma zaidi. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Saa kama ile redio zimezimwa na televisheni zimezimwa. Kilichobaki macho karibu kila nyumba ni simu, iko chini ya mto au kwenye chaji. Sisemi mlio wa simu peke yake ungetosha, kwani lazima kwanza awepo wa kugundua kwamba mlima unaachia. Hapo ndipo utafiti unapoingia, na nitalifikia.

Teknolojia ninayoiomba si ngeni. Mnara unaweza kutangaza ujumbe mmoja kwa simu zote zilizoushika, kwa mpigo mmoja, bila kujua namba ya mtu hata mmoja. Naiita mbiu ya mnara, maana wazee wetu walishasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Haitaki bando, salio wala intaneti. Simu inalia mlio wa pekee usiofanana na wa ujumbe wala wa kupigiwa, na maandishi yanajitokeza yenyewe kwenye kioo. Japani wanaitumia kwa matetemeko tangu 2007, Uholanzi tangu 2012. Marekani Bunge lao lilipitisha sheria ya maonyo mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya kimbunga Katrina, na simu zikaanza kupokea maonyo 2012. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipewa mpaka Juni 2022 ziwe na njia ya kuonya umma kupitia simu. Na msidhani ni mambo ya matajiri tu: Ufilipino, nchi ya visiwa na vimbunga, ilitunga sheria mwaka 2014 inayozitaka kampuni za simu zitume maonyo ya maafa bila kumtoza mteja.

Kuna watakaoniambia tayari tunatuma SMS. Ndugu zangu, SMS hutumwa namba moja moja. Ukitaka kuwafikia watu milioni moja, mtambo unapanga foleni ya ujumbe milioni moja, na saa ya hatari foleni hiyo inagombania njia na watu wanaopigiana simu kuulizana kama wako salama. Halafu orodha ya namba haisemi mtu yuko wapi usiku huu. Laini iliyosajiliwa Mbeya inaweza kuwa ndani ya mtumbwi kisiwani Ukara. Na ikifika, inafikia wapi? Inakaa kati ya ofa ya bando, bahati nasibu, na yule bwana wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Onyo la kufa na kupona tunalipanga mstari mmoja na matapeli.

Programu za simu na makundi ya WhatsApp nayo yana siku zake. Mei 12, 2024, siku nane tu baada ya Hidaya kuingia Mafia, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Hesabuni wenyewe ingekuwaje kama mambo hayo mawili yangegongana wiki moja.

Sasa sheria. Ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Ofisi ya Waziri Mkuu ina Kituo cha Operesheni na Mawasiliano ya Dharura. TMA inatabiri, TCRA inatoa leseni, kampuni zina minara. Kila mmoja ameshika kipande chake. Ninachotaka kukiona kimeandikwa mahali pamoja, kwa lugha ambayo hata mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, ataielewa, ni kifungu kinachosema: huyu ndiye anayebonyeza, huyu lazima apitishe, kwa muda huu, na asipopitisha adhabu yake ni hii. Kama tayari kuna mpango au rasimu ya kanuni mezani, vizuri sana. Ipandisheni hadi kwenye sheria mama. Kanuni inaweza kubadilishwa ofisini, lakini sheria lazima ipite bungeni mchana kweupe.

Nirudi kwenye utafiti, kwa sababu najua ndipo wengi watakapokunja uso na kusema tununue mtambo wa nje, tuufunge, tumalize. Mtambo utanunuliwa na utafungwa. Halafu? Simu nyingi za visiwani ni vitochi. Viwango vya mbiu hii vilitungwa tangu enzi za 2G, mtandao wa kizazi cha pili, kwa hiyo kitochi kingi kina uwezo wa kuipokea, ila kwenye simu nyingi za zamani mpaka uingie kwenye mipangilio, ufungue huduma hiyo na kuandika namba ya chaneli. Nani atafanya hivyo huko visiwani Bwisya au Ilugwa? Ni aina gani za vitochi vinavyouzwa kwenye maduka yetu zinakuja zimefunguliwa, zipi zimefungwa, zipi zinalia na zipi zinaonyesha maandishi kimyakimya? Kazi hiyo mzungu hawezi kutufanyia kwa sababu hizo simu huko kwake hakuna. Vijana watatu wa chuo wenye mnara mdogo wa majaribio na sanduku la simu za Kariakoo wangetupa jibu. Jibu hilo likishapatikana, TCRA ambayo ndiyo inayoidhinisha aina za simu zinazoingia nchini itaweza kusema: kuanzia mwaka fulani, simu isiyopokea mbiu haiingii.

Kisha urefu wa ujumbe. Ukurasa mmoja wa mbiu ya mnara unabeba herufi 93, nafasi na alama zikiwemo. Kurasa zinaweza kufika 15, lakini kwenye kioo kidogo, usiku, mtumbwi unayumba, ukurasa wa kwanza ndio utakaosomwa. Nilijaribu kuandika:

"HATARI: Upepo mkali, mawimbi Ukerewe-Ukara leo saa 8 mchana. Usiingie ziwani. Rudi nchi kavu."

Hizo ni herufi 93 kamili. Imetosha kwa kubana. Lakini je, aliye katikati ya ziwa arudi, au kugeuza mtumbwi saa hiyo ndiko kutakakomzamisha? Saa 8 mchana au 14:00, kama simu yake inavyoonyesha? Na asiyejua kusoma? TMA wana ngazi zao za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ni mvuvi wa wapi aliyewahi kuulizwa anafanya nini tofauti akisikia hii na akisikia ile? Maswali haya hayajibiwi kwenye semina ya hoteli. Yanajibiwa mwaloni, na watu wa lugha, wa hali ya hewa na wa mitambo wakikaa pamoja na manahodha. Hiyo inaitwa utafiti na ina gharama zake.

Halafu maji yenyewe. Ziwa lina karibu kilomita za mraba 69,000, na karibu nusu yake ni letu. Simu ya 2G kwa kawaida haishiki mnara ulio mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama mbele yake hakuna mlima wala mti. Kwa hiyo kuna eneo kubwa la ziwa ambako mbiu haitasikika kamwe, na huko tunahitaji redio za upepo kwenye mitumbwi, au kifaa cha bei nafuu kinachopokea onyo kutoka mbali zaidi. Kifaa hicho kwa bei ya mvuvi wa dagaa hakipo dukani. Mtu akae akitengeneze. Ni vilevile kwa Hanang: vipima mvua na vihisi vya mtikisiko mlimani, vinavyotuma taarifa kwa redio ndogo zinazotumia betri miezi mingi. Vyuo vyetu vinaweza kazi ya aina hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama wako watu, Chuo Kikuu cha Dodoma wako, Nelson Mandela Arusha wako, DIT ya Dar es Salaam na MUST ya Mbeya wako. Wanachokosa ni fedha inayodumu zaidi ya mwaka wa masomo mmoja.

Lipo na la mpaka, ambalo sisi mafundi tunalicheka lakini si la kuchekesha. Mvuvi wa Shirati, karibu na mpaka wa Kenya, anatoka nyumbani kwake, hajavuka popote, mara simu inalia: karibu Kenya. Simu yake imeshika mnara wa ng'ambo kwa sababu juu ya maji mawimbi ya redio huenda mbali. Mbiu itakayopigwa na minara ya Tanzania haitamfikia, na Mkenya aliyeshika mnara wetu ataisikia yetu. Kwa hiyo sheria iseme wazi kwamba maonyo yaandikwe kwa muundo mmoja wa kimataifa na tubadilishane moja kwa moja na wenzetu wa Kenya na Uganda. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, wapeni kazi.

Umeme nitausema kwa uchungu kwa sababu ndio mkate wangu. Dhoruba hiyohiyo inayowatishia watu ndiyo inayoangusha nguzo za umeme. Nguzo ikianguka, mnara unaishi kwa betri, na betri zikiwa zimechoka au zimeibwa, unaishi kwa genereta, na genereta likiwa kisiwani linaishi kwa dizeli inayoletwa kwa mtumbwi siku ziwa likiwa limetulia. Nimekuta mnara umekufa na jenereta ni zima kabisa, halina tu mafuta, na boti haiwezi kuja kwa sababu ya upepo. Ukiwaza vizuri utaona kwamba siku mbiu inahitajika zaidi ndiyo siku mnara una uwezekano mkubwa wa kuwa umezima. Sheria iweke idadi ya saa ambazo mnara wa eneo la hatari lazima uishi bila umeme wa gridi, na kampuni zitangaze hadharani zilipofeli. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni kazi kubwa na vijijini tunaiona. Mikataba ijayo ya Mfuko iwe na kipengele cha betri na cha mbiu tangu siku ya kwanza. Kurudi kufunga baadaye ni gharama mara mbili, niulizeni mimi.

Fedha zitoke wapi? Masafa ya redio ni mali ya umma kama ardhi na madini. Oktoba 2022 TCRA iliyapiga mnada na kampuni zikalipa mamilioni ya dola. Marekani walikutana na swali hili baada ya Septemba 11, 2001, siku ambayo onyo la helikopta za polisi halikuwafikia zimamoto waliokuwa ndani ya jengo, kwa sababu redio zao hazikuwa zinaongea pamoja. Iliwachukua miaka 10 kufika kwenye sheria. Ya mwaka 2012 ilichukua mapato ya mnada wa masafa ikatenga dola bilioni 7 kwa mtandao wa taifa wa vikosi vya uokoaji, na hadi dola milioni 300 kwa utafiti wa mawasiliano ya dharura peke yake. Siombi bilioni. Naomba kanuni ileile: asilimia fulani ya kila mnada wa masafa iende moja kwa moja kwenye dirisha la utafiti COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria tangu 1986, na ishindaniwe kwa uwazi. Umoja wa Afrika ulishaweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatuwezi kulifikia kwa hotuba za maonyesho ya ubunifu.

Na msiseme hatuwezi. Mfumo wa m-mama, ambao leo ikipigwa 115 kwa ajili ya mjamzito mwenye dharura gari linamfuata, ulianza kama jaribio hukuhuku Kanda ya Ziwa, ukasahihishwa miaka kadhaa, ndipo serikali ikaubeba nchi nzima. Huo ndio mwendo ninaouzungumzia. Hata 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zingefaidika: anayepiga akiwa amechanganyikiwa hajui kueleza alipo, wakati tuliweka anwani za makazi mwaka 2022 na mnara unajua upande aliko. Unganisheni.

La mwisho ni gumu, lakini bila hilo yote niliyoyasema hayana maana. Mbiu hii inaingia chumbani mwa mtu bila kubisha. Ikitumiwa vibaya mara moja, watu wataizima na hawatairudia. Januari 13, 2018, Hawaii, mfanyakazi alituma onyo la kombora lisilokuwepo, na ikachukua dakika 38 kulikanusha kwa njia ileile. Hilo lilikuwa kosa. Kwetu hofu ni nyingine pia, na mnaijua: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, na mwananchi akajifunza kwamba mtandao wake una kitufe cha mtu mwingine. Siandiki kulumbana juu ya hilo. Naandika kwamba mtu huyohuyo ndiye tutakayemwomba aamini mlio wa simu yake usiku wa manane. Kwa hiyo sheria iseme mbiu ni ya hatari ya maisha tu: si salamu za sikukuu, si kampeni, si uzinduzi wa mradi. Kila mbiu iwekwe kwenye rejista ya wazi: nani kaibonyeza, saa ngapi, kwa eneo gani. Na isiwe halali kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote, kuzima njia ya dharura.

Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Wabunge walisimama, wakatoa pole. Safari hii, Bunge la bajeti likikaa, namwomba Mjumbe mmoja wa Kamati amuulize Waziri swali la nyongeza: ni minara mingapi nchini inayoweza leo kutangaza onyo kwa simu zote zilizoishika, na ni mingapi kati yake inayoweza kukaa saa 24 bila umeme wa gridi? Jibu liingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa namba, wilaya kwa wilaya, Ukerewe ikiwemo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa minara,
Mwanza